Kuna Aliyebaki?

Jumatatu, 3 Machi 2025
Asubuhi: mawingu mazito kusini, upepo wa baridi, mvua bado.

Nimeanza kazi. Mimi ni karani wa duara la Bwana Enock, shimo lake la dhahabu, hapa Nyarugusu mpaka majina ya kidato cha tano yatoke. Nina miaka kumi na tisa, Daraja la Pili, mwandiko unaosomeka. Hali ya hewa naiandika kwa sababu mwalimu wa jiografia alitufundisha kuanza na kile ambacho hakuna mtu anayeweza kukubishia.

Shajara hii alininunulia dada yangu Rhoda. Jioni akirudi na sufuria zake za chapati na maharage, kabla hajavua kanga ya kichwani, alikuwa akiniuliza, "Umeandika?" Kama nimekula hakuuliza. Rhoda hajaonekana tangu tarehe 3 Aprili mwaka jana. Simu yake ilituma ujumbe mmoja: "Mama nimepata kazi Kahama nisitafutwe." Rhoda hajawahi kumwita mama yetu Mama. Alimwita Mayu, kama tunavyoita kwetu Tinde. Nilipolisema hilo, watu wazima waliniambia msichana mkubwa ana haki ya kuhama.

Mahali pa mwisho alipoonekana ni hapa, akiuza chakula. Ndiyo maana nimekubali kazi hii.

Kazi yenyewe: kila anayeshuka shimoni namwandika. Jioni saa kumi wote wanapanda ili baruti ilipuliwe. Naita majina, kila mmoja anaitika "Nimetoka!" Mwisho nauliza, "Kuna aliyebaki?" Wote wanajibu, "Hakuna!" Naandika neno hilo, Hakuna, ndipo fundi baruti, Mzee Mayala, anatoa kiberiti. Bila neno hilo hawashi, hata tajiri mwenyewe, Bwana Enock, apige magoti. Alizika mdogo wake katika duara lingine kwa sababu ya haraka ya mtu.

Hatua tatu kutoka mdomo wa shimo imefungwa kamba nyeupe. Mwanamke haivuki. Akivuka, wanasema, dhahabu inakimbia.

Anayeendesha winchi ni Baba Stanslaus, mcheshi kuliko wote. Ulimi wake haujui r. "Kalani!" aliniita. "Kalamu tumeiona. Kalamu yenyewe ya wali na nyama ni lini?" Nimecheka mpaka nikaharibu mstari.

Wameshuka kumi na wanne, wametoka kumi na wanne. Nimelala saa nne na robo; saa ya kulala naijaza kesho yake asubuhi.

Jumanne, 4 Machi
Asubuhi: mvua tangu alfajiri. Hakuna kazi. Nimelala saa tatu.

Alhamisi, 6 Machi
Asubuhi: jua mapema, matope yanatoa mvuke.

Naandika kwa utaratibu ili nisijidanganye.

Niliita majina. Wote kumi na watatu waliitika nikiwaona kwa macho. Niliuliza, "Kuna aliyebaki?" Wakasema, "Hakuna!" Halafu, kutoka chini, sauti nyembamba ikasema, "Bado."

Nikatazama nyuso. Ansgar, kijana wa Ushirombo mwenye kazi ya kujaza mawe kwenye viroba kule chini, alikuwa amefumba macho. Bado alikuwa na doa la majivu ya jana, Jumatano ya Majivu, kwenye paji la uso. Wengine walitazama ardhi.

"Mwangwi," alisema Baba Stanslaus, haraka mno. "Shimo lina mwangwi, kalani. Neno unalolitupa linakulejea."

Hakuna haiwezi kurudi ikiwa Bado. Hilo nililijua nikiwa nimesimama palepale na kalamu mkononi, na bado niliandika Hakuna kama nilivyoagizwa. Mzee Mayala akawasha. Ardhi ikatikisika chini ya miguu yangu.

Sitaandika tena uongo kwa mkono huu. Nimelala saa saba na nusu.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi: ukungu. Sauti haikuja. Nimelala saa tano.

Ijumaa, 14 Machi
Asubuhi: manyunyu, kisha anga jeupe.

Leo ni mara ya tatu. Ilipokuja "Bado", niliandika: *Bado, mmoja.*

"Umeandika nini?" aliuliza Mzee Mayala.

"Bado, mmoja."

Alinitazama, akatazama shimo, akarudisha kiberiti mfukoni. "Basi mimi naenda kunywa chai."

Wanaume wakabaki wameduwaa. Mmoja akacheka. Mwingine akamwambia asicheke.

Bwana Enock aliniita ofisini, kibanda cha mabati chenye sola juu ambako watu huchajia simu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika vizuri. Haongei kwa ukali, na hapo ndipo anaponitisha.

"Mwanangu, karani anaandika watu. Haandiki upepo."

"Naandika ninachosikia, Bwana Enock."

"Unaandika ninachokulipia uandike. Msalimie Mama Vumilia."

Nilifika kwenye turubai la mama, ambako sasa anauza chakula badala ya Rhoda, kabla neno hilo halijanishika vizuri. Duara zima linamwita mama yangu Mama Rhoda. Nyarugusu nzima, na Tinde nzima. Mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na hata mtoto huyo akihama dunia nzima jina halihami. Ni Bwana Enock peke yake aliyeruka mtoto mmoja akamwita kwa jina langu. Nilimuuliza mama tangu lini anamwita hivyo.

"Tangu mwaka jana," mama alisema, akigeuza chapati. "Nilidhani anasahau."

Hasahau. Anaogopa kulitaja. Nimelala saa sita.

Jumatano, 19 Machi
Asubuhi: mvua ya mawe kwa dakika nne. Nimehesabu.

Siku mbili mfululizo nimeandika *Bado, mmoja*, na siku mbili Mzee Mayala amekwenda kunywa chai. Wanaume wananung'unika, kwa sababu mwamba usiovunjwa hauna kazi. Baba Stanslaus peke yake bado ananitania. Ansgar haniangalii. Nimegundua pia kwamba hajawahi kununua chakula kwa mama. Anapita nyuma ya turubai, njia ndefu yenye matope, kwenda kula kwa watu wengine. Nimeandika jina lake kwenye ukurasa wa mwisho wa shajara na kulipigia mstari.

Bwana Enock alinisubiri kwenye njia ya kisimani.

"Watu wanasema sauti ile mmeileta ninyi kutoka kwenu. Mimi siamini. Lakini wewe umesoma, unajua watu wa huku wakiamini jambo wanawafanya nini wanawake wa umri wa mama yako."

Nilirudi na ndoo tupu. Nilimweleza mama kila neno. Alikuwa anakanda unga. Hakusimamisha mikono.

"Mimi napika," alisema. "Atakayeniogopa asile."

Naitwa Vumilia. Wazazi hawakuniuliza. Nimelala saa nane usiku, lakini nimelala.

Alhamisi, 20 Machi
Asubuhi: mawingu. Watu ishirini na wanane wamekula kwa mama, wengi kuliko jana.

Alhamisi, 27 Machi
Asubuhi: jua, upepo kutoka ziwani.

Bwana Enock amechana kurasa zote nilizoandika Bado, mbele ya watu. Hajui kwamba kila jioni nazinakili humu, tarehe na saa. Kisha akatoa amri mpya: majina yaitwe, swali lisiulizwe.

Niliita majina kumi na mawili. Nikanyamaza kama nilivyoamriwa. Ndipo harufu ilipopanda kutoka shimoni, si ya baruti wala ya matope. Ilikuwa harufu ya chapati inayoiva kwenye mafuta. Turubai la mama liko upande ambao upepo unaelekea, hivyo haikutoka kwake. Nimelihakiki hilo kwa kurusha majani makavu.

Kisha sauti, bila kuulizwa: "Bado."

Hakuna aliyesema mwangwi. Baba Stanslaus aliondoka kwenye winchi akatapika nyuma ya lundo la magogo. Mzee Mayala akaenda kunywa chai.

Nimelala saa saba.

Alhamisi, 3 Aprili
Asubuhi: mvua kubwa, ikakatika saa tatu.

Mwaka mmoja leo. Mama amewasha moto kama kawaida na ameweka sahani moja ya ziada. Sikumuuliza.

Kazi haikuwepo kwa sababu shimo lilikuwa na maji. Bwana Enock alikuwa Geita mjini, Kalangalala, kwenye nyumba yake. Nilikwenda stoo ambako daftari za zamani zimewekwa ndani ya sanduku la bati pamoja na kamba na betri mbovu. Ufunguo ninao mimi, kwani ni mimi karani. Nilitoa daftari la mwaka jana, lililoandikwa na karani aliyenitangulia, Wilbard, ambaye aliacha kazi mwezi huohuo akaenda kwao Bukombe.

Tarehe 3 Aprili 2024. Watu kumi na mmoja, kila mmoja jina lake na la baba yake. Mstari wa kumi na mbili umeandikwa hivi: *loda 1*. Basi. Mbele yake alama ya kutoka. Chini kabisa: Hakuna. Na pembeni, kwa kalamu nyingine: *tawi la mashariki limeporomoka baada ya baruti*.

Hapa kwetu tawi ni njia inayochimbwa pembeni kutoka shimoni, na loda ni yule anayejaza viroba chini. Ni kazi ya Ansgar. Lakini Ansgar yupo tayari kwenye mstari wa tano, jina kamili, na kazi yake mbele. Siku hiyo loda alikuwa mmoja tu. Sasa huyu wa kumi na mbili, asiye na jina wala baba, ni nani?

Nimenakili ukurasa wote. Sijaelewa. Sijui nimelala saa ngapi.

Jumanne, 8 Aprili
Asubuhi: anga safi, baridi.

Nimeelewa.

Saa sita mchana nilikuwa nimekaa chini ya turubai nasoma nakala yangu kwa mara ya ishirini. Baba Stanslaus akapaza sauti kutoka kwenye winchi, kama anavyofanya kila siku ya Mungu:

"Mama Loda! Nifungie chapati mbili!"

Mama akaitika. Mimi nikarudisha macho kwenye *loda 1*.

Wilbard alikuwa Msumbwa aliyesoma misheni, alitamka kila herufi. Aliyesimama kwenye winchi alikuwa Stanslaus. Winchi ilipomshusha mtu, Stanslaus alimtajia karani. *Loda ameshuka.* Na Wilbard, akiwa ameinamia daftari, akaandika alichosikia: loda, mmoja. Hata hakumtazama. Asingewaza kwamba mwanamke amevuka kamba.

Dada yangu hakuwahi kwenda Kahama. Alishuka mita ishirini na tano chini ya mahali ninapoketi kila siku.

Sikulia. Nilimtazama Baba Stanslaus akila chapati za mama yangu, anachekesha watu kwa mdomo uliojaa, na nikaona aibu kwa kila mzaha wake niliouchekea. Jina la Ansgar kwenye ukurasa wa mwisho sijalifuta. Nimeongeza la Stanslaus juu yake.

Bado kuna kitu kimoja hakijakaa sawa. Mstari ule una alama ya kutoka. Nani aliitika?

Nimelala saa tisa usiku.

Jumamosi, 12 Aprili
Asubuhi: mvua. Bado, mmoja.

Jumatatu, 14 Aprili
Asubuhi: mvua. Bwana Enock ametangaza kwamba baada ya Pasaka, Jumanne ya tarehe 22, nguzo ya tawi la mashariki italipuliwa yote. Mwamba ule ukishuka hakuna atakayepaona tena. Bado, mmoja.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili
Asubuhi: mawingu yasiyosogea.

Ansgar alikuja nyumbani. Alisimama nje ya ua mpaka mama alipomwambia aingie au aondoke, asituzibie njia. Alivua kofia.

"Sina haki ya kukaa," alisema.

"Basi sema umesimama," nilimwambia.

Alisema. Naandika maneno yake kama alivyoyatoa.

"Siku ile mvua ilikuwa inakuja, kila mtu anataka kukimbia. Wilbard aliita majina. Langu nikaitika. Mwishoni akaita, 'Loda.' Mimi nikadhani anaita kazi. Loda ni mimi. Nikaitika mara ya pili, 'Nimetoka!' Nilicheka hata, nikasema karani huyu ananipenda. Mzee Mayala akawasha." Alikuwa anaikunja kofia yake kama nguo anayoikamua. "Kesho yake nikasikia dada yako haonekani. Nikamwendea Stanslaus. Akaniambia tajiri alikuwa amemtuma Rhoda awashushie chakula watu wa tawi la mashariki, kwa sababu wamepata mawe mazuri na hataki wapande. Kumbe wameshapanda kwa magogo ya ukutani, bila winchi, kwa haraka ya mvua. Stanslaus aliposikia jina limeitikiwa, akadhani na yeye amepanda hivyo. Jioni ileile akagundua. Akaenda kwa tajiri."

"Tajiri akasema nini?"

"Kwamba tawi limeanguka, aliye ndani hayupo. Kwamba serikali ikijua mwanamke alikuwa chini itafunga duara, na watu watakimbia. Mimi aliniambia, 'Wewe ndiye uliyeitika. Wewe ndiye uliyemuua.' Simu ya dada yako ilikuwa inachajiwa ofisini kwake."

Kwaresima hii alikwenda kuungama. Padri alimwambia aende kwa wenye mtoto, asirudi kabla hajafika kwao.

"Ndiyo maana huli kwangu?" mama aliuliza.

"Ningekulaje mkononi mwako, mayu?"

Mama aliingia ndani. Tulimsikia, sauti moja ndefu. Akatoka na uso mkavu.

Sijamsamehe Ansgar. Nimemwambia aje Jumanne na sururu. Sikulala.

Jumamosi, 19 Aprili
Asubuhi: jua.

Nimekwenda ofisi ya mtendaji na barua ya kurasa tatu, nakala ya ukurasa wa Wilbard, na tarehe zote za Bado. Mlango umefungwa mpaka Jumanne. Nimeandika barua nyingine ya polisi. Nimelala saa tano.

Jumanne, 22 Aprili
Asubuhi: mvua kubwa toka alfajiri, imekatika saa mbili. Radi moja kaskazini.

Mama amepeleka barua. Mimi nilikwenda duarani. Naandikia magotini, taa ya kofia ya Ansgar ikiwa kichwani mwangu. Niko chini.

Bwana Enock alininyang'anya daftari kabla ya saa kumi. "Leo naita mimi." Watu kumi walishuka wakapanda. Mzee Mayala alikuwa ametega baruti kwenye nguzo tangu mchana. Bwana Enock aliita majina kwa haraka kama anayefukuza kuku. Akafunga daftari.

"Mayala, washa."

"Swali halijaulizwa," Mzee Mayala alisema.

"Nimesema washa!"

Na hapo, mchana mweupe, watu wote tukiwa tumesimama, shimo lilisema, "Bado." Halikunong'ona. Kamba ya winchi ilicheza kama mtu ameivuta kutoka chini. Wanaume wakavua kofia mmoja baada ya mwingine.

"Mwangwi huo!" Bwana Enock alipiga kelele. "Tangu lini mnaogopa mwangwi?"

Nilivuka kamba nyeupe.

"Wewe binti!" mtu alifoka. "Dhahabu itakimbia!"

"Ikimbie."

Nilimwendea Bwana Enock na kunyoosha mkono. Sijui kwa nini alinipa daftari. Labda alidhani nimekuja kuandika Hakuna. Niliandika kwenye mstari wa kumi na moja, na kila neno nikalisoma kwa sauti, kwa kuwa Mzee Mayala hasomi:

"Vumilia Maduhu. Ameshuka."

"Hujashuka," alisema Bwana Enock.

"Baba Stanslaus," nikasema, "nishushe."

Stanslaus alikuwa ameshika winchi kwa mikono miwili kama mtu anayezama. Mzaha wote ulikuwa umemtoka usoni. Aliyebaki alikuwa mzee tu.

"Kalani, tafadhali..."

"Mwaka jana ulimshusha Rhoda. Ulimtaja vizuri kadiri ya ulimi wako. Nishushe na mimi, halafu unitaje."

Watu walikuwa wamesikia. Jina lilipita kati yao, Rhoda, Loda, Rhoda, kila mtu kwa ulimi wake, na nikaona kila mmoja anavyoelewa. Bwana Enock alimshika Stanslaus bega. Ansgar akaja na sururu na kusimama kati yao. Mzee Mayala alitoa kiberiti mfukoni, akakitupa kwenye dimbwi la matope.

"Mimi siwashi juu ya mtu," alisema.

Nikaingia kwenye ndoo. Stanslaus akanishusha. Alikuwa analia, lakini winchi haikutikisika hata mara moja. Nilipopita magogo ya mwisho nilimsikia akitangaza huko juu, kwa sauti ya kupasuka: "Vumilia ameshuka!"

Chini kuna maji ya kufika kifundoni. Tawi la mashariki limezibwa na kifusi. Niliketi mbele yake juu ya kiroba. Nilikuwa na hofu, naikiri. Nilisikia mtu akihema karibu na bega langu la kushoto. Sikugeuka. Harufu ya chapati ikaja.

"Umeandika?"

Sauti ya Rhoda. Si kama ndoto, si kama mwangwi. Kama jioni yoyote nyumbani.

"Naandika," nilisema. Nikatoa shajara kwenye kanga, na ndiyo hii.

Ansgar ameshuka. Mzee Mayala ameshuka akang'oa baruti yake kwenye nguzo, fimbo moja moja, akiihesabu kama anavyohesabu watu. Kisha wengine watano. Wanachimba. Mtendaji amefika juu na polisi wawili, nasikia Stanslaus akiwaeleza kila kitu kwa kelele, bila kuulizwa. Bwana Enock alikutwa ofisini kwake. Simu ya Rhoda ilikuwa kwenye droo ya meza, imefungwa kwenye kitambaa safi. Baada ya ujumbe ule mmoja, mwaka mzima hakuthubutu kuitumia tena wala kuitupa.

Wananiambia nipande nikapumzike. Nimeandikwa nimeshuka. Sijaitika. Sipandi kabla ya Rhoda. Sikulala.

Jumatano, 23 Aprili
Asubuhi: sijui. Niko chini.

Saa tatu walimfikia. Alikuwa amekaa kwenye kona mahali ambapo mwamba uliacha nafasi ndogo, magoti yamekunjwa, hotpoti ya chakula mapajani. Kifuniko kilikuwa kimefungwa. Kofia ya kazi ilikuwa kichwani mwake, suruali ya kiume imefunika kanga. Ansgar ndiye aliyemwona kwanza. Alipiga magoti kwenye maji na kuomba kwa Kisumbwa, kisha akamfunga kwenye shuka la mama kwa mikono ya taratibu ambayo sikujua anayo. Nimefuta jina lake kwenye ukurasa wa mwisho. Kusamehe ni jambo lingine, na halijafika.

Walimpandisha yeye kwanza. Mimi nyuma yake.

Juu mvua ilikuwa imekatika na jua linachoma. Walikuwepo watu wengi, watu wa maduara mengine pia. Kamba nyeupe haikuwepo. Mtu alikuwa ameikata, na wanawake walikuwa wamesimama mpaka kwenye mdomo wa shimo. Mama alikuwa mbele yao.

Mzee Mayala aliniletea daftari. "Karani," alisema, "kazi haijaisha."

Nilielewa. Nilifungua ukurasa mpya. Niliita majina ya wote walioshuka usiku na asubuhi, na kila mmoja aliitika. Nilijiita mwenyewe, nikaitika. Kisha nikaita jina la mwisho, taratibu, kila herufi mahali pake:

"Rhoda Maduhu."

Tulilitazama shuka. Nilisubiri shimo.

Mama akasogea mbele, akaweka kiganja kwenye shuka, mahali penye paji la uso.

"Loda ametoka," alisema.

Kwa ulimi wake, jinsi alivyomwita tangu alipomzaa. Nikaandika Rhoda.

"Kuna aliyebaki?"

Niliuliza kwa sauti ya juu kuliko siku zote, nikiwa nimeinama kwenye shimo lenyewe. Tulisikiliza. Maji yalidondoka mahali fulani chini. Basi. Wanaume hawakujibu upesi kama zamani. Kila mmoja aligeuka kwanza akamtazama mwenzake. Ndipo wakasema, "Hakuna."

Nikaandika Hakuna. Nikatia sahihi.

Jumamosi tunamzika Tinde. Kesho polisi wanataka shajara hii. Nimewaambia watanakili mbele yangu, sitaiacha. Baba Stanslaus ameketi nje ya ua wetu tangu mchana, na mama hajamfukuza wala hajampa chai.

Nimelala saa kumi jioni, wakati wa baruti. Kulikuwa kimya.